Mchicha Wenye Matundu

"Dada, hiyo mboga unainunua au unaipima macho?"

Sauti ilitoka nyuma ya meza ya mbao, na wauza mboga wote wa safu ile wakaangua kicheko. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Soko la Lindi lilikuwa limefurika, watu wanapigana vikumbo kati ya matenga ya nyanya na mafungu ya dagaa, na katikati ya rabsha yote hiyo Devota alikuwa ameinua jani la mchicha juani, analichungulia kama mtu anayekagua noti bandia.

"Naipima," alijibu bila kugeuka. "Kuna sheria inayokataza?"

"Hakuna. Ila ungeniambia inaumwa nini, ningeiwahisha hospitali."

Hapo Devota akageuka. Akamwona kijana mrefu, mweusi tii, shati la drafti limepauka mabegani lakini limenyooshwa kwa pasi hadi likasalimu amri. Yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa na dera la zambarau na kanga begani, nywele kasuka zikamkaa, na hakuwa mtu wa kutaniwa akanyamaza.

"Natafuta matundu," alisema.

"Matundu?"

"Ya wadudu. Mboga ambayo mdudu kaiogopa, mimi nitailaje? Jani likiwa zima hivi, limepigwa dawa."

Kicheko kikapanda tena. Mama mmoja wa meza ya jirani akamwambia kijana, "Mzoee huyo. Ndiye anti wa matundu, kila Jumamosi anatutia hasara ya majani."

Kijana hakucheka. Aliinama chini ya meza, akavuta kiroba, akakifungua mdomo. Mchicha uliokuwamo ulikuwa umetafunwa hadi ungeweza kuchekechea unga.

"Huu nilitaka kumpelekea mtu mwenye bata," alisema kwa sauti ya chini. "Umetoka Rutamba kwa mama mdogo wangu. Yule, bomba la dawa hajui hata linashikwa wapi. Niliona haya kuupanga mezani. Ukiutaka, chukua kwa nusu bei."

Devota alitabasamu mpaka akasahau kwamba alikuwa amenuna.

"Unaitwa nani?"

"Erasmo. Na wewe, anti wa matundu?"

"Devota. Na ukiniita hivyo tena sinunui."

Alinunua. Na Jumamosi iliyofuata akarudi, na iliyofuata hiyo pia.

Msomaji usimcheke Devota kwa matundu yake. Mama yake, Bi Rosalia, alikuwa kibarua wa kupulizia mikorosho ya watu tangu usichana wake. Alibeba bomba mgongoni msimu hadi msimu, na kinga yake pekee ilikuwa upande wa kanga alioufunga puani. Kifua kikaja kumlipa. Alipohamia mjini kwa binti yake, huku anakohoa mpaka machozi, aliapa kwamba chochote kilichopigwa dawa hakitapita tena kooni mwake. Devota alikuwa msusi katika saluni ndogo ya Mikumbi, na kipato cha msusi mnakijua. Mboga zisizopigwa dawa huko Dar hufungwa kwenye nailoni, zikapewa jina la kilimo hai, zikauzwa bei ya nyama. Yeye akajitafutia njia za mtu asiye na kitu. Alipika kisamvu na mlenda, ambavyo hakuna anayejisumbua kuvipulizia. Nyanya alizigusa kiangazi tu, maana za masika haziivi bila bomba. Na mchicha aliununua ule uliotoboka, kwa sababu wengine wote waliukataa, kwa hiyo ulikuwa rahisi.

Majirani walipoona, wakaomba kuingia. Ndipo likazaliwa kapu: wanawake wa mtaa wanachanga, Devota ananunua kiroba kizima sokoni, na Jumamosi mchana wanagawana kwenye mkeka uani kwake. Hawakukagua kitu. Devota akisema mboga ni safi, basi ni safi. Hata Siti, mwenzake wa saluni aliyekuwa ananyonyesha mtoto wa kwanza, aliingia kwa neno hilo tu.

Namba za simu walipeana kwa kisingizio cha kiroba. Kiroba chenyewe baada ya muda kilisahaulika katika mazungumzo.

"Haloo, daktari wa mchicha."

"Erasmo, niko kazini. Nina kichwa cha mtu mikononi."

"Unakifanyaje?"

"Nakiweka dawa."

"Aaa! Umejitaja mwenyewe! Mchicha hutaki upigwe dawa, wanawake wenzio unawapaka utosini mchana kweupe!"

"Kichwa hakiliwi, bwana."

"Nani kakwambia? Chako mimi ningekila kizima."

Devota alicheka hadi mteja akapiga kelele, "Devota, naungua mwenzio!" na simu ikakatwa, na Siti akamwambia, "Shoga, huyo muuza mboga atakuja kutufungisha saluni."

Hivyo ndivyo walivyopendana, kwa utani na majani. Erasmo akawa haleti tena kiroba sokoni kwanza, anakileta mwenyewe moja kwa moja mpaka uani. Akifika anachuchumaa mbele ya Bi Rosalia, "Shikamoo mama," naye anaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha anaangalia kitasa kipi cha mlango kimelegea akikaze. Wanawake wa kapu walimsifu hadi Devota akaona wivu. Jikoni alianza kuimba. Bi Rosalia siku hizo alipenda kuchukua sahani yake akale chumbani peke yake, kwa madai kwamba uani kuna upepo, na Devota hakuliona hilo kuwa jambo.

Mwishoni mwa mwaka Erasmo akasema neno ambalo Devota alikuwa akilingojea. Jumapili ingekuja barua ya posa. Mzee Boniface, baba yake mkubwa, angekuwa mshenga. Upande wa Devota, Mjomba Laurenti angeshuka kutoka Nyangao kupokea wageni, kwa kuwa kwao mtoto ni wa mjomba, na baba alishajiondokea zamani.

Alhamisi ya wiki hiyo Devota alipata upenyo mchana. Akapika wali wa nazi na pweza, akautia kwenye hotpoti aliyoazima kwa Siti, akajifunga kitenge chake cha manjano na kwenda sokoni bila kupiga simu. Mezani hakumkuta mtu.

"Mchumba yuko stoo, huko nyuma," mama wa meza ya jirani alimwelekeza huku anakonyeza.

Devota akanyata. Alitaka kumziba macho.

Erasmo alikuwa ameketi juu ya kreti, mgongo mlangoni, anaimba puani. Kushoto kwake palikuwa na mchicha mbichi, kijani kibichi cha kung'aa, majani mapana yasiyo na doa. Kulia kwake palikuwa na mchicha uliotoboka. Mkononi alishika spoku ya baiskeli. Alikuwa akichukua shina kutoka kushoto, analaza jani juu ya kidole gumba, anatoboa tu, tu, tu, kisha anamega ukingo kwa ukucha ili uonekane umeng'atwa, na kuliweka kulia. Hakuwa na haraka wala hakukosea. Ilikuwa kazi ya mtu aliyekwisha kuizoea.

"Hodi," Devota alisema.

Spoku ilianguka sakafuni.

"Devo..."

"Endelea tu, nisikukatishe kazi."

"Ngoja nikueleze, mpenzi."

"Nieleze. Huyu ni mdudu gani? Viwavi mimi nawajua, huyu anayevaa shati la drafti ndiyo kwanza namwona."

Erasmo aliisukuma spoku chini ya kreti kwa mguu.

"Huu mchicha umetoka wapi?"

"Bustani za bondeni."

"Umepigwa dawa?"

Erasmo alitazama lile rundo la kulia.

"Erasmo, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Umepigwa dawa?"

"Umepigwa."

"Tangu lini?"

"Tangu kisima cha mama mdogo kikauke. Agosti."

Devota aliegemea ukuta. Jumamosi zote zile zikampitia kichwani, mkeka umetandikwa, wanawake wanagawana na kucheka, mama yake anapokea sahani, Siti anakula huku mtoto yuko kifuani.

"Ningekwambia nini, Devo?" Erasmo alikuwa amesimama sasa, mikono imemlegea. "Kwamba sina mboga? Ulikuja kwangu kwa sababu ya matundu. Matundu yakiisha, utakuja kwa lipi? Mimi ni muuza mchicha tu. Na faida sikupata hata senti, nanunua kwa bei kamili nawapa nusu. Hasara yote nilikuwa naila mimi."

"Wewe ulikula hasara," Devota alisema. "Mama yangu alikula dawa."

"Nilikuwa nakupenda."

"Ungeniambia 'sina'! Neno moja tu! Ningecheka, nikaenda zangu kuchuma kisamvu, jioni nikakupigia simu vilevile. Mwanzo nilikuja kwa matundu, mjinga wewe. Halafu nikawa nakuja kwako."

Aliweka hotpoti chini akatoka. Baada ya hatua chache akarudi kuichukua, kwa sababu haikuwa yake, na jambo hilo dogo likamtia aibu kuliko yote, kurudi na kuinama mbele ya mtu aliyemwacha kwa hasira. Njia nzima hadi nyumbani alitembea na wali wa moto kifuani na macho hayaoni.

Bi Rosalia alikuwa kibarazani anapepeta mchele. Devota alipiga magoti akamweleza yote kwa kwikwi, kuanzia kreti hadi spoku. Alingoja mama apige yowe. Mama aliendelea kupepeta.

"Mama, hushtuki?"

Ungo ukatulia.

"Nilijua, mwanangu."

"Ulijua nini?"

"Lile bomba nimelibeba mgongoni ujana wangu wote. Harufu yake naijua kuliko harufu ya jiko langu. Siku aliyoleta mzigo wa kwanza wa namna hiyo, nilinusa tu, nikajua."

"Na ukawa unakula?"

"Sikula. Nilikuwa naingia nayo chumbani, ukishaondoka naifukia nyuma ya nyumba."

Devota alimtazama mama yake kana kwamba amekuja mgeni akaketi kwenye kiti chake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaimba," Bi Rosalia alisema, na kikohozi kikamkata, akangoja kipite. "Tangu baba yako atukimbie sijakusikia ukiimba jikoni. Nikasema, nikuvurugie furaha kwa ajili ya fungu la mchicha? Mimi nitajilinda mwenyewe, wewe uolewe."

"Na mimi niliyekuwa nakula? Na wenzetu? Siti ananyonyesha, mama! Nilimwingiza kwenye kapu mimi, kwa mdomo wangu huu."

Bi Rosalia aliinamisha kichwa.

Siku ile Devota alijua uchungu wa kudanganywa na wanaokupenda. Adui akikudanganya unamchukia, unapata nguvu. Yeye alikuwa na watu wawili tu duniani wa kuwaegemea, na wote wawili walikaa wakamtazama akigawa sumu mkekani, wakatabasamu. Alimchukia Erasmo na kumtamani kwa pumzi moja. Alimwonea mama yake huruma, akashindwa kumtazama usoni.

Kesho yake aliwaita wanawake wa kapu akawaambia ukweli bila kujitetea. Wengine walilaani, mmoja alicheka kwa hasira. Siti alimbeba mwanawe, akajifunga kanga vizuri, akasema taratibu, "Shoga, mimi sikununua mboga. Nilinunua maneno yako." Akaondoka.

Simu ya Erasmo ililia tangu asubuhi. Mchana, saluni ikiwa tupu, Devota akaipokea.

"Devo, usikate."

"Sema."

"Sijala tangu jana, laazizi. Nimkataze Mzee Boniface asije?"

"Utamwambia sababu gani?"

"Sijui. Nitatafuta cha kusema."

"Utatafuta cha kusema," Devota alirudia polepole.

"Basi niambie wewe, mama. Nifanye nini? Chochote."

"Kesho Jumamosi. Njoo uani kwetu mchana kama kawaida yako. Simama mbele ya wenzangu useme mwenyewe ulichofanya. Mimi nimeshasema la kwangu. Sasa nataka nikusikie wewe."

"Nitakuja."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Na Jumapili je, wazee waje?"

"Waje," alisema, na moyo wake ukaruka bila ruhusa. "Nina mteja, kwaheri." Hakuwa na mteja. Alikaa kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo, akajikuta akitabasamu, akajikasirikia.

Jumamosi alitandika mkeka. Wanawake walikuja, hata Siti, wakakaa wakisubiri. Saa za kawaida za Erasmo zikafika, zikapita. Hatimaye akaja bodaboda na kiroba. Kilikuwa kisamvu, kizuri, kichanga, na mwendeshaji alikuwa na ujumbe: Erasmo anaomba radhi, amebanwa na maandalizi ya ugeni wa kesho, hiki ni cha bure, wamama wagawane.

Hakuna aliyekigusa. Siti alipoinuka alimshika Devota bega, mara ya kwanza tangu jana, na huruma ile iliuma kuliko maneno.

"Mwanangu, msamehe," Bi Rosalia alimwambia jioni akimnyooshea gauni. "Mwanamume akipenda huwa mwoga. Mimi nimeshamsamehe."

"Ninyi wawili mtasameheana tu, mama. Mmekosa kosa moja. Niliyekosewa ni mimi."

Jumapili baada ya misa wageni walifika. Mzee Boniface alitangulia, kanzu haina mkunjo, bahasha ya posa imefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Nyuma yake shangazi wawili, na mwisho Erasmo, aliyeombewa ruhusa ya kuwamo, katika shati jeupe alilochaguliwa na Devota mwenyewe dukani. Lilimpendeza. Devota aliyaona hayo kupitia pazia la chumbani.

Soda ziligawiwa, salamu zikaenda na kurudi. Kisha Mzee Boniface akakohoa na kuanza kumsifu kijana wake, kama mshenga anavyotakiwa.

"Mjomba Laurenti, sisi hatukuleta mhuni. Erasmo ni mtu mkweli. Mji mzima huu unamjua kwa mboga safi, hazina dawa, zinatoka shambani kwetu Rutamba mpaka vyunguni mwenu. Hata mama hapa ni shahidi, kifua chake kimepata nafuu kwa mkono wa kijana huyu."

Shangazi waliitikia, "Kweli kabisa." Bi Rosalia alitazama mikono yake. Erasmo alitazama sakafu.

Mjomba Laurenti akaita, "Devota, njoo mwanangu."

Alitoka kajitanda ushungi wa kanga, akapiga magoti kando ya mjomba. Kwao barua haifunguliwi kabla binti hajaulizwa swali moja. Kila mtu hulijua jibu lake. Binti huinamisha macho, huchezea pindo la kanga, hutamka "ndiyo" isiyosikika, na vigelegele humaliza. Shangazi mmoja alikwisha weka kiganja mdomoni tayari.

"Wageni hawa wanasema wametumwa na kijana huyu," Mjomba Laurenti alisema, anatabasamu. "Unamfahamu?"

Devota hakuinamisha macho. Alimwangalia Erasmo, akamngoja. Laiti angesema tu, "Baba mkubwa, hapo umekosea," mbele ya watu hawa, Devota angemfuata hata Rutamba kwa miguu. Alimngoja mpaka shangazi wakaanza kutazamana. Erasmo aliinua uso, akampa lile tabasamu la sokoni.

"Simfahamu, mjomba."

Kiganja cha shangazi kikashuka. Mzee Boniface aliishika bahasha kwa mikono miwili.

"Fikiri vizuri, mama," Mjomba Laurenti alisema, tabasamu limemtoka. "Swali hili halina mara ya pili."

"Nimefikiri. Niliyemfahamu mimi hakuja."

Hakuna aliyepandisha sauti. Mzee Boniface alikuwa mtu wa adabu, alishukuru kwa soda, akainuka na barua yake. Mlangoni Erasmo alibaki nyuma.

"Devo, yote nilifanya kwa kukupenda."

"Najua," Devota alisema, na machozi yakamshuka waziwazi, hakuyafuta. "Ingekuwa hunipendi, leo nisingeumia hivi. Nenda, Erasmo. Wazee wanakungoja."

Kesho yake hakwenda saluni. Alijifungia chumbani na kulia kilio cha mtu aliyefiwa, kwa sababu alikuwa bado anampenda, na hapakuwa na mtu ndani ya nyumba ile wa kumwambia. Simu aliizima. Mchana kutwa alisikia kikohozi cha mama kikija mpaka mlangoni, kikisimama, kikirudi. Jioni kikaja, kikakaa.

"Devota. Toka ule."

Devota aligeukia ukutani.

"Devota, mwanangu."

"Umepika nini?"

Nje ya mlango mama alikohoa kwanza. Halafu Bi Rosalia akasema, kwa sauti ya mtu anayejifunza kutembea upya, "Ugali. Mboga hakuna. Kile kisamvu kilichoachwa uani nilitaka kukipika nikakwambia nimekinunua. Nikashindwa."

Devota alijifuta uso kwa pindo la kanga, akafungua mlango.